Mume ananipima kwa akina mama wa miaka 400 iliyopita

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Voi, sasa naishi Lowell, Massachusetts. Nakuandikia usiku nikiwa kazini, wazee ninaowahudumia wamelala, kwa hiyo ukiona maneno yanarukaruka nivumilie.

Mume wangu si mtu mbaya. Halewi, hajawahi kuninyanyulia mkono, na mshahara wake anauleta nyumbani. Mambo yalianza kugeuka alipojiunga na kikundi cha wanaume kanisani kwetu. Mwalimu wao anawafundisha habari za Wapuritani, wale Wakristo wa Uingereza waliokuja kuanzisha koloni hapa hapa Massachusetts. Kila Jumamosi mume wangu anarudi na jipya. Mara mama wa Kipuritani alizaa watoto kumi, mara alitengeneza sabuni na mishumaa kwa mkono wake, mara alifundisha watoto Biblia huku anasokota uzi, na siku zote alimtii mumewe, akanyamaza, wala hakuna aliyemsikia akisema amechoka. "Tena hawakuwa na mashine ya kufulia," ananiambia, mimi nimembeba mtoto mgongoni nakunja nguo.

Mtoto wetu wa mwisho ana miezi minne. Nilirudi kazini akiwa na wiki kumi kwa sababu kodi ya nyumba haimsubiri mtu. Nafanya shifti ya usiku, asubuhi nawaandaa wakubwa waende shule, mchana nalala kwa vipande. Nilimwomba tumlete mama yangu kutoka Voi akae nasi miezi michache, na nauli nilishaanza kuiweka. Alikataa. Alisema wale akina mama walivuka bahari wakawaacha mama zao Uingereza, wakazaa msituni, na hakuna aliyewaletea mtu. Ati mimi nimelegezwa na maisha ya siku hizi. Mwalimu wao naye amewafundisha kwamba mke anayenung'unika ndiye yule wa Mithali anayeibomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe.

Kuna jambo sijamwambia mtu, Somo. Kuna siku mtoto huyu analia, mimi namtazama tu, sihisi kitu. Si hasira, si huruma, ni kama mtoto wa jirani. Baadaye nalia bafuni. Wiki iliyopita nikitoka kazini nilijikuta nawaza kwamba nyumbani wangepata nafuu nisipokuwepo. Nilishtuka, nikaweka gari pembeni mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Mume wangu angesema huo ni upungufu wa imani. Mimi sijui ni nini.

Naomba uniambie: ni kweli akina mama hao walikuwa hivyo? Na kama ni kweli, mimi nina kasoro gani?

Mama wa Watatu, Lowell

*

Marahaba, mwanangu.

Wapuritani watasubiri. Wameshakufa zamani, hawana haraka. Naanza na lile ulilolificha chini ya barua.

Mama aliyejifungua, asiyelala, asiyehisi kitu kwa mwanawe, anayelia peke yake na kuanza kuwaza kwamba nyumba ingekuwa nafuu bila yeye, huyo ni mgonjwa. Si mvivu, na imani yake haijapungua. Madaktari wanaiita sonona ya baada ya kujifungua. Inawapata wengi, wanaosali na wasiosali, na inatibika. Wazo lile likikujia tena, usingoje kupambazuke: piga 988, namba ya msaada ya huko Marekani, au itumie ujumbe, mchana au usiku, utampata mtu wa kuzungumza naye. Ikiwa unahisi huwezi kujizuia, piga 911. Ipo pia simu ya bure ya akina mama wajawazito na waliojifungua huko Marekani, 1-833-852-6262, na ukitaka kuzungumza Kiswahili omba mkalimani. Kisha, wiki hii hii, mwone daktari au mkunga aliyekuzalisha. Usimwambie "nimechoka kidogo", maana ndivyo tunavyosema sote na tunarudishwa nyumbani na vidonge vya damu. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: simhisi mtoto wangu, na nimewaza kutokuwepo. Ukiona maneno hayatoki, mfungulie barua yako asome.

Sasa tuje kwa hao akina mama. Nilisomesha historia kabla ya kushika safu hii, na nimefurahi kwamba mumeo amechagua uwanja ninaoufahamu.

Amesema waliwaacha mama zao wakavuka bahari. Wapo waliowaacha, sikatai. Lakini mama wa Kipuritani anayejulikana kuliko wote, yule aliyetuachia maandishi kwa mkono wake, ni Anne Bradstreet. Alivuka mwaka 1630 katika meli iliyoitwa Arbella, akiwa msichana wa miaka kama kumi na minane, tayari mke wa mtu. Unajua alivuka na nani? Na mumewe, na baba yake Thomas Dudley, na mama yake mzazi, Dorothy. Wote meli moja. Na Anne alipohamia Ipswich, ya hapo hapo Massachusetts, na mumewe, wazazi wake nao walihamia huko. Mama huyo alipofariki mwaka 1643, binti alimwandikia shairi la kumsifu kuwa mke mtiifu, mama mwenye upendo, jirani mwema na mwenye huruma kwa maskini. Kwa hiyo mumeo akikuambia kwamba wao hawakuletewa mama, mwambie kweli, Anne hakuletewa. Alikuja naye.

Hata wale ambao mama zao walibaki Uingereza hawakuzaa peke yao msituni. Uchungu ukianza, mume alitumwa kumwita mkunga na wanawake wa jirani, kisha yeye mwenyewe akatolewa chumbani. Wanawake wakajaa. Mwenye nyumba alikuwa ameshaandaa mikate na pombe maalumu kwa ajili yao, vyakula vilivyopewa jina la kule kugumia kwa uchungu. Mmoja anamshika mzazi mgongo, mwingine anachochea moto, mwingine anatafuta kitambaa, na hadithi zinaendelea. Mtoto akishazaliwa, mzazi alilala kitandani kwa siku, na mwenye uwezo kwa wiki kadhaa, huku wanawake wengine wakishika nyumba, na ndipo alipoanza kurudia kazi kidogo kidogo. Samuel Sewall, hakimu wa Boston aliyeacha kitabu kinene cha kumbukumbu zake za kila siku, anasimulia kwamba mkewe Hannah alipojifungua mtoto wa kumi na nne, Januari 1702, baada ya wiki mbili hivi walimwandalia mkunga na wale wanawake karamu ya shukrani, nyama ya kuchoma, kuku na mapai. Wewe na mimi tunaijua desturi hiyo, ingawa kwetu kuna uji wa pilipili manga na arobaini yake. Mzazi anatazamwa. Umevuka bahari ukaingia katika koloni lile lile la Wapuritani, na wewe ndiye umenyimwa kile ambacho wao wenyewe waliwapa wake zao.

Hao watoto kumi, ni kweli walizaa wengi, saba au nane kwa kawaida, na waliofika kumi na zaidi hawakuwa ajabu. Walipishana kama miaka miwili kwa sababu akina mama walinyonyesha, na wahubiri wao walikazania sana kwamba mama amnyonyeshe mwanawe mwenyewe. Lakini usidhani wale kumi walikaa chini ya paa moja na mama mmoja. Mtoto akifika umri wa kufaa kazi, mara nyingi alipelekwa nyumba nyingine kujifunza ufundi au kutumika, na binti wa watu wengine akaja kwako kukusaidia. Nyumba zenye nacho zilikuwa na watumishi wa mkataba. Na zilikuwa na watumwa, mwanangu. Sheria ya koloni hilo ya mwaka 1641 ilitambua utumwa, na Waafrika walipika, walifua na kulea katika nyumba za hao wacha Mungu, wakati watoto wao wenyewe wangeweza kuuzwa. Sewall huyo huyo wa karamu ndiye aliyechapisha kijitabu cha kupinga biashara hiyo mwaka 1700, na wenzake wengi hawakupendezwa. Mwalimu wa kikundi akizisifu tena kazi za mikono za mama wa Kipuritani, mtu amuulize anasema mikono ya nani.

Hata huo mji unaoishi una historia yake. Penye Lowell ya leo palikuwa na kijiji cha Wamesit, cha wenyeji wa asili waliokuwa wameupokea Ukristo kwa Wapuritani wenyewe. Mwaka 1675 vita kati ya wakoloni na wenyeji vilipozuka, wanamgambo wa Kiingereza kutoka Chelmsford, hapo jirani yako, waliwafyatulia risasi, wakamwua mtoto wa kiume na kujeruhi wanawake na watoto. Nao walikuwa akina mama wa koloni hilo, na nina hakika hawatajwi siku za Jumamosi.

Je, kunyamaza? Narudi kwa Anne Bradstreet, kwa sababu alizaa watoto wanane na hakunyamaza. Alimwandikia mumewe shairi kabla ya kujifungua mmoja wao, akimwambia bila kuficha kwamba huenda akafa, na kwamba akifa basi awapende watoto wake na awakinge na mateso ya mama wa kambo. Aliandika kwamba analaumiwa na ndimi zinazosema mkono wake unafaa sindano kuliko kalamu. Nyumba yao ilipoteketea Julai 1666 aliandika jinsi alivyopita penye majivu, akataja pale lilipokuwa kasha, pale alipokuwa akiketi, akaomboleza mpaka akajikaripia mwenyewe na kurudi kwa Mungu wake. Alizika wajukuu, akawaandikia mashairi yenye machozi. Mashairi yake ya mwanzo yalichapishwa London mwaka 1650. Na mumewe, Simon, ambaye baadaye alikuwa gavana wa koloni, hakumwambia kwamba anabomoa nyumba. Waliishi Andover, upande ambao leo unaitwa North Andover. Kutoka kwako ni safari fupi ya gari. Mume akitaka kukuonyesha mama wa Kipuritani, akupeleke huko.

Sitaki nikupambie. Haikuwa nchi ya kumwonea mtu wivu. Anne Hutchinson, mama wa watoto kumi na watano na msaidizi wa wanawake wanaojifungua mjini Boston, alianza kuwakusanya wanawake nyumbani kwake kuzungumzia mahubiri. Wanaume nao wakaanza kuja, wakafika watu sitini na zaidi. Wakubwa wakaona amevuka mpaka. Mwaka 1637 akashtakiwa mbele ya Gavana John Winthrop, akajibu hoja kwa hoja mpaka wakatapatapa, kisha wakamhukumu kufukuzwa koloni. Leo sanamu yake, na mtoto ubavuni, iko nje ya jengo la serikali la Massachusetts. Mwaka 1672 ilitungwa sheria ya kumziba mdomo au kumzamisha majini mtu mwenye maneno makali. Watu hawatungi sheria dhidi ya jambo lisilotokea, sivyo? Wake wa Kipuritani walisema, tena walisema sana.

Na ugonjwa haukumwogopa mcha Mungu. Cotton Mather, mhubiri mkubwa wa Boston, alikuwa na watoto kumi na watano, na ni wawili tu waliobaki hai alipokufa yeye. Surua ya mwaka 1713 iliingia nyumbani kwake mkewe akiwa ametoka tu kujifungua pacha. Katika wiki chache alimzika mke, wale pacha, na binti mdogo wa miaka miwili. Kwa hiyo mume anapokuambia kwamba wale waliweza bila hiki na bila kile, mwambie wengine hawakuweza. Walikufa, na waliokufa hawana nafasi katika hadithi za kikundi cha wanaume.

Kuhusu mume wa Kipuritani, ajabu sijasikia mafunzo yake katika barua yako. Yeye ndiye aliyepaswa kuongoza sala ya nyumba asubuhi na jioni na kuwahoji watoto katekisimu. Sheria ya mwaka 1642 iliwapa wazazi na waajiri jukumu la kuhakikisha watoto wanajua kusoma, na wazembe walitozwa faini. Ile sheria ya 1641 ilimkataza mume kumpiga mkewe, isipokuwa akijikinga baada ya kushambuliwa. Ndoa haikufungwa na mchungaji bali na hakimu, na ingeweza kuvunjwa na mahakama. Krismasi nayo ilikuwa marufuku: kuanzia 1659 hadi 1681, kuisherehekea ilikuwa faini ya shilingi tano. Desemba ikifika, mwangalie mwalimu wa kikundi kama yuko kazini tarehe ishirini na tano.

Aya inayofuata si yako. Mpe mumeo simu aisome mwenyewe.

Baba watoto, hujambo. Kule Salem, katika koloni hilo unalolisoma, alikuwepo mama aitwaye Dorothy Talbye. Alikuwa muumini wa kanisa, na Winthrop mwenyewe anaandika kwamba watu walikuwa wakimheshimu. Akaanza kubadilika. Akawa na huzuni nzito, akakataa kula, akasema anasikia mambo, akatishia uhai wake na wa watu wa nyumbani. Walimwonya. Hakupona kwa maonyo. Kanisa likamtenga. Akazidi. Mahakimu wakaamuru achapwe viboko, na kwa muda akaonekana mtiifu kwa mumewe, wote wakaridhika. Halafu akamwua binti yake wa miaka mitatu, akisema anamwepusha na taabu za baadaye. Desemba 1638 wakamnyonga Boston. Angalia mpangilio huo: kukaripiwa, kutengwa, kuchapwa, kusifiwa kwa utiifu. Kila walichojaribu kilikuwa cha kumnyoosha mke, na hakuna aliyemtibu mgonjwa, kwa sababu wakati ule hakuna aliyejua namna. Mwaka mmoja kabla, huko Boston, mama mwingine aliyekata tamaa kuhusu wokovu wake alimtupa mtoto wake mchanga kisimani, na watu wengine ndio waliowahi wakamtoa hai. Sisemi mkeo atafanya hayo. Anakupenda, anawapenda wanawe, na amekuwa na akili ya kuegesha gari na kuandika. Nasema wewe unaishi wakati ambao tiba ipo, hospitali iko mji huo huo, na mgonjwa yuko kitandani kwako. Nenda naye kwa daktari. Keti ndani, usibaki kwenye gari.

Nakurudia, mwanangu.

Usianze mabishano ya Wapuritani usiku akiwa ametoka kikundini. Mwambie kwanza kuhusu gari. Najua unaogopa, lakini mtu aliyeishi nawe akakuzalisha watatu anastahili kujua, na huenda anayoyasema ni ya mtu asiyejua hali ilivyo. Akisikia na bado akakuletea habari za sabuni na mishumaa, basi usimbishie peke yako. Watafute waliowasimamia ndoa, au wazee wa pande zote mbili. Mchungaji wenu pia, lakini mchungaji mwenyewe, si huyo mwalimu wa Jumamosi. Na uende kwa daktari hata kama yeye hajakubali. Ruhusa yake haihitajiki kwa hilo.

Kuna jambo la kazi nahisi hamkulipata vizuri. Massachusetts ina sheria ya likizo yenye malipo ya familia na ya ugonjwa. Mzazi anaweza kuchukua hadi wiki 12 kukaa na mtoto mchanga, ndani ya mwaka wa kwanza wa mtoto, na sehemu ya mshahara inalipwa. Baba pia, si mama tu! Aliye mgonjwa mwenyewe anaweza kupata hadi wiki 20, na sonona iliyothibitishwa na daktari inaweza kuhesabiwa. Kwa mwaka mmoja jumla haipiti wiki 26. Sijui wewe ulitumia kiasi gani katika zile wiki kumi, wala kama mumeo alichukua hata siku moja, kwa hiyo uliza ofisi ya wafanyakazi hapo kazini, na mwombe daktari akujazie fomu. Hapo hapo waulize kuhusu shifti ya mchana. Kukosa usingizi usiku, kisha mchana ukalala kwa vipande, kunaidhuru akili hata ya mtu aliye mzima.

Mama yako aje. Visa ya mgeni ina fomu yake, DS-160, inajazwa mtandaoni, halafu anakwenda ubalozi Nairobi kuhojiwa. Foleni ya kuhojiwa inaweza kuwa ndefu, ndiyo maana nakuambia uanze sasa hata kabla ubishi haujaisha. Barua yako ya mwaliko iseme ukweli, kwamba anakuja kumwona binti yake na wajukuu na kwamba atarudi Voi. Wakati huo usibaki ukihesabu siku. Hapo Lowell mko Wakenya wengi, na wapo wanawake kanisani wanaokuuliza kila Jumapili "mtoto hajambo?" Safari hii usijibu "hajambo" ukapita. Chagua mmoja unayemwamini, mwambie njoo Jumanne unishikie mtoto nilale saa tatu. Atakuja. Tena wengine watakasirika kwamba hukuwaambia mapema.

Uliniuliza una kasoro gani. Una mtoto wa miezi minne, kazi ya usiku, ugonjwa usiotibiwa, na mume aliyesoma nusu ya habari. Kasoro siioni.

Ukishatoka kwa daktari niandikie, hata mstari mmoja. Nami nitakaa macho kwenye sanduku la barua.

Somo